Gari Jipya, Spea Imekufa: Usikubali Mstari wa Sababu Uachwe Mtupu

Mwenye gari jipya huwa na imani moja: kikiharibika kitu, wakala atabadilisha bure, yakaisha. Na kweli vingi hubadilishwa bure. Shida huja safari ya pili. Linki ya stabilaiza iliwekwa mpya kwenye kilomita 14,000, kufika 22,000 inagonga tena. Betri ya pili imekufa kabla ya mwaka. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, imebadilishwa, na baada ya wiki sita taa ya injini inawaka palepale. Hapo unaonekana ukweli kwamba waranti ililipia spea, sababu haikuguswa. Sababu isipotafutwa na kuandikwa kwenye kadi ya kazi ya gereji gari likiwa bado ndani ya muda, itatafutwa kwa fedha ya mwenye gari muda ukiisha.

Muda wenyewe, kwa magari mengi mapya yanayouzwa Kenya na Tanzania, ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Baadhi ya watengenezaji hutoa miaka 5. Huhesabiwa tangu siku gari lilipokabidhiwa, kwa hiyo hakikisha tarehe hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha waranti na kugongwa muhuri. Ndani yake kuna mipaka midogo ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Betri mara nyingi hupewa miezi 12 tu. Matairi yako chini ya mtengenezaji wa tairi, hayako chini ya mtengenezaji wa gari. Pedi za breki, sahani ya klachi, raba za waipa, balbu na filta ni vitu vya kulika, havimo mpaka ithibitike vilitoka kiwandani na kasoro. Na gari jipya lililoagizwa kwa njia ya pembeni, tuseme kutoka Dubai, linaweza kukataliwa na wakala wa hapa hata kama nembo ni ileile, maana waranti nyingi zimefungwa kwenye soko ambalo gari lilitengenezewa. Hilo huulizwa kwa maandishi kabla ya kulipa.

Spea mpya ikifa mapema, asili ya kifo ni mojawapo ya tatu: kasoro ya kiwandani, ufungaji mbaya, au mazingira ya matumizi. Mwenye gari hupenda ya kwanza. Wakala hupenda ya tatu. Ya pili husahaulika na wote wawili, hasa ikiwa ilifanyika ndani ya gereji hiyohiyo.

Kasoro za kiwandani zipo, tena kwa majina makubwa. Januari 2020 Toyota ilitangaza wito wa kuyarudisha gereji magari yapatayo 700,000 nchini Marekani kwa sababu ya pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso: feni ndogo ya plastiki ndani ya pampu ilikuwa na msongamano mdogo kuliko inavyotakiwa, ikanyonya mafuta, ikavimba na kuanza kukwaruza kwenye ukuta wa pampu. Gari hukosa nguvu au huzima likiwa njiani. Baadaye idadi iliongezeka sana, na kampuni nyingine zilizotumia pampu hizo nazo zikaita magari yao. Hyundai, Septemba 2015, iliita Sonata zipatazo 470,000 za mwaka 2011 na 2012 kwa sababu chembe za chuma zilibaki ndani ya kranki wakati wa uchongaji, zikaziba njia ya oili inayokwenda kwenye beringi za koneksheni rodi. Hakuna dereva ambaye angezuia mambo hayo kwa kuendesha taratibu. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu yeyote, chukua namba ya chasi, zile herufi na tarakimu 17, umwombe wakala aziangalie kwenye mfumo wa mtengenezaji: kuna wito wowote kwa gari hili, au waraka wa kiufundi unaohusu dalili hii? Wito wa usalama kwa kawaida hautazami kilomita wala muda wa waranti.

Sasa tushuke chini ya gari, maana huku ndiko madai mengi ya kwetu yanakozaliwa.

Linki ya stabilaiza ni fimbo fupi inayoshikilia stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona. Kila ncha ina kiungo chenye tufe la chuma, kimefunikwa na kibuti cha raba chenye grisi ndani. Kibuti kikichanika, vumbi huingia, grisi hugeuka kuwa msasa, na baada ya muda mfupi utasikia "kta-kta" kwenye kasi ndogo, gurudumu moja likipanda jiwe au rasta. Kwenye lami nzuri gari liko kimya kabisa. Fundi akiinua gari kwa jeki upande mmoja na kutikisa linki, hataona kitu: stabilaiza imejikunja na linki imebanwa. Kipimo sahihi hufanywa magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa kwenye kimo kimoja, gari likiwa juu ya shimo la ukaguzi au lifti ya kukanyagia, mtu mmoja akishika linki kwa vidole na mwingine akitikisa gari. Uchezaji husikika kwenye vidole kabla ya kuonekana kwa macho.

Bushi za mkono wa chini, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu na kulipandisha na kulishusha, zina hadithi yake, na ndiyo inayoeleza bushi nyingi zinazokufa mara ya pili. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hivyo kazi yake ni kujinyonga kidogo kila mkono unapopanda na kushuka. Bolti yake inapaswa kukazwa mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Fundi mwenye haraka huikaza gari likiwa bado hewani, mkono umening'inia. Gari likishushwa, raba tayari imenyongwa kabla hata ya kutoka getini, na kila shimo linaongeza mnyongo juu ya mnyongo. Bushi ya namna hiyo hupasuka kwa miezi michache na lawama zote hupewa barabara. Ukiwa dirishani pa gereji, uliza swali moja tu: "Fundi, bolti za mikono mlikaza gari likiwa chini?" Swali hilo lina faida hata likijibiwa kwa kukunja uso.

Beringi ya gurudumu husema kwa mvumo unaopanda na kasi. Kata kidogo kushoto ukiwa kwenye kasi 60, mahali salama: mvumo ukiongezeka, shuku ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko. Zikifa mbili ndani ya mwaka mmoja, acha kufikiria beringi, fikiria maji. Gari lililopita kwenye maji yaliyofika kitovu cha gurudumu, au linaloshindiliwa pampu ya presha kwa karibu kila wiki pale pa kuoshea, huingiza maji kupita sili. Presha hiyohiyo hufungua vibuti vya draivshafti na kupeleka maji kwenye soketi za umeme. Mwambie muoshaji abaki mbali na vitovu, na injini ifutwe kwa kitambaa.

Breki zinazotetema unapopunguza kutoka kasi 90 kwenda 40, diski zikiwa na kilomita 20,000 tu, mara nyingi si diski mbaya. Magari mengi madogo hutaka nati za gurudumu zikazwe kwa kipimo cha takriban nyutoni-mita 100, kwa mpangilio wa kuvuka. Pale pa kuziba pancha hutumika bunduki ya upepo, nati ya kwanza inakazwa mpaka inalia, ya mwisho nayo, hakuna mpangilio wala kipimo. Kutu au mchanga ukibaki kati ya kitovu na diski, diski hukaa upande, na upande wa sehemu chache tu za mia za milimita hutosha: kila mzunguko pedi inaipiga mahali palepale, unene wa diski unatofautiana, usukani unaanza kucheza. Wakala akibadilisha diski bila kusafisha uso wa kitovu na kupima mchezo wa diski kwa saa ya mikroni (kipimo chenye mshale), mtaonana tena.

Tuje kwenye betri. Gari jipya limesafiri melini, likakaa bandarini, likakaa uwanjani kwa muuzaji. Betri ya risasi na asidi huisha polepole hata ikiwa haitumiki, na ikikaa chini ya chaji hujenga salfeti ngumu kwenye sahani zake; uwezo uliopotea hivyo haurudi wote. Ndiyo maana betri "mpya" hufa mwezi wa nane. Siku ya kuchukua gari, omba ipimwe kwa kipima betri kinachotoa risiti, na risiti hiyo uitunze. Nyumbani, multimita ya bei ndogo inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Injini ikinguruma tarajia kati ya 13.8 na 14.5, ila magari ya siku hizi yana alteneta inayoongozwa na kompyuta, inaweza kushuka chini ya hapo kwa makusudi, usikimbilie kuihukumu. Gari lenye kujizima kwenye taa za barabarani linahitaji betri ya aina ya EFB au AGM, zilizoundwa kuhimili kuwashwa mara nyingi. Ukiwekewa ya kawaida, hata kama ampea zinalingana, haitamaliza mwaka vizuri.

Lakini adui mkubwa wa betri huku kwetu ni kifaa cha kufuatilia gari. Benki au bima inakidai, fundi wa kampuni nyingine anakifunga ndani ya nusu saa kwa kuuma nyaya chini ya dashibodi na kuzizungushia tepu. Hapo umempa wakala sababu ya kukataa dai lolote la umeme kwa miaka mitatu. Ufungaji ufanywe na wakala au kwa ridhaa yake ya maandishi, kifaa kiwe na fyuzi yake, na mkondo upimwe kabla na baada. Namna ya kupima: zima gari, funga kufuli ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, weka funguo mbali, subiri hadi dakika 40 kompyuta zilale, kisha pima kwa ampmita ya kubana kwenye waya wa hasi. Chini ya miliampea 50 ni hali ya kawaida. Ukikuta 200, piga hesabu: 0.2 mara saa 24 ni ampea-saa 4.8 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60, gari likiachwa siku kumi uwanjani, imepoteza 48. Hakuna betri ya kulaumiwa hapo.

Taa ya injini ikiwaka, usichomoe terminali ya betri "ili ijifute", na usimruhusu jirani mwenye kisomeo cha makosa ya kompyuta ya gari aifute. Kisomeo kidogo cha ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 ni kizuri kwa kusoma. Kufuta ni kuharibu ushahidi: pamoja na namba ya kosa, kompyuta huhifadhi picha ya wakati ule, yaani kasi, mzunguko wa injini, joto la maji, mzigo. Piga picha ya skrini. P0302 maana yake silinda ya pili inakosa kuwaka. Kwenye gereji ya wakala fundi anaweza kuhamisha koili ya pili kwenda ya tatu. Kosa likigeuka kuwa P0303, koili ndiyo yenye hatia, likibaki palepale, tafuta plagi, nozeli au mgandamizo. Koili ikithibitika, bado kuna swali: imekufa na nini kwenye kilomita 20,000? Mwangazie fundi achungulie kisima cha plagi. Oili humo ni gasketi ya kifuniko cha juu, maji humo ni pampu ya muoshaji. Koili mpya ikitumbukizwa kwenye kisima chenye oili, utahesabu wiki. Na taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, simama. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na katalisti ni ghali kuliko koili zote nne.

Kwenye dizeli maneno huwa makali zaidi, kwa sababu bei ni kali. Pampu ya presha ya mfumo wa komonireli, ambamo bomba moja (reli) hugawia nozeli zote dizeli, hulainishwa na dizeli yenyewe na hufanya kazi kwenye presha inayoweza kupita baa 2,000. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainisho unapungua. Ikiwa na maji, chuma kinakwaruzana. Pampu ikianza kutoa vumbi la chuma, vumbi hilo linafika kwenye reli, nozeli na hata kurudi kwenye tangi, kwa hiyo kubadilisha pampu peke yake ni kuahirisha. Uchakachuaji si uvumi: Septemba 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Wakala akishuku mafuta atachukua sampuli, na dai litakataliwa sampuli ikiwa chafu. Nawe chukua yako, palepale, mbele yake: chupa safi ya kioo ya lita moja, ifungwe, iandikwe tarehe na kilomita, wote wawili mtie saini. Risiti za kituo za miezi mitatu zikiwa kwenye bahasha moja, una njia mbili za kudai, kwa wakala au kwa kituo cha mafuta, badala ya kutokuwa na hata moja.

Kichujio cha masizi cha kwenye ekzosi ya dizeli, DPF, kinastahili aya yake. Masizi huchomwa humo kwa joto la takriban nyuzi 600, na mfumo huhitaji mwendo wa kutulia wa robo saa au zaidi kumaliza kazi. Ukizima gari katikati kila siku, dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuchoma huteremka kwenye oili: kimo cha oili kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, na ukinusa utaijua. Oili yenyewe iwe ya majivu machache, daraja la C la viwango vya Ulaya vya ACEA, kwa sababu majivu ya oili hayaungui kamwe. Hata hivyo dereva asibebeshwe kila kitu. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zaidi ya 260,000, zilikuwa na kasoro katika mfumo wa DPF. Moshi mweupe na vichujio vilivyojaa viliwapata watu waliokuwa wakiendesha kwa kasi kubwa barabara kuu, jambo ambalo kila muuzaji hulipendekeza. Wenye magari walikuwa wamerudi kwa mawakala, wengine zaidi ya mara moja, wakibadilishiwa vifaa ambavyo havikugusa kiini.

Haya yote huamuliwa na karatasi moja: kadi ya kazi. Fundi wa wakala hufundishwa kujaza mambo matatu, yaani lalamiko, sababu, marekebisho. Mstari wa katikati ndio unaoachwa mtupu, au huandikwa "spea mbovu", ambayo ni kusema mgonjwa alikufa kwa kufa.

Anza na lalamiko. Ukisema "gari linagonga mbele", karani ataandika "angalia mguu wa mbele", na jioni utaambiwa hakuna tatizo lililopatikana. Mpe maneno kamili na umwombe ayaandike kama yalivyo: "Mlio mbele kushoto, kasi 15 hadi 25, barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, usukani ukiwa sawa. Hausikiki kwenye lami. Ulianza kilomita 13,800." Piga video yenye sauti, odometa ikionekana mwanzoni. Kama tatizo hujitokeza asubuhi injini ikiwa baridi, liache gari lilale gerejini na uandike kwenye kadi kwamba liwashwe kwanza mbele ya fundi. Kama hujitokeza barabarani, panda naye. Dakika kumi za kuendesha pamoja hushinda barua tatu. "Hakuna tatizo lililopatikana" nayo iandikwe, na uondoke na nakala. Nakala tatu za namna hiyo, dalili ileile, ni hoja ambayo meneja wa huduma hawezi kuitupa.

Kabla ya kusaini ukichukua gari, tazama namba ya spea iliyotoka na iliyoingia. Ikiwa imebadilika mwishoni, mtengenezaji huenda amerekebisha muundo, na hiyo ni habari njema. Ikiwa ni ileile, uliza nini kitazuia ya pili isife kama ya kwanza. Spea ya zamani mara nyingi huzuiliwa ili mtengenezaji aikague, usigombane kwa ajili hiyo, ipige picha pande zote. Ikiwa marekebisho yalikuwa ya programu, omba toleo la kabla na la baada liandikwe. Na uliza spea mpya ina waranti ya muda gani: kwa wengine inaisha pamoja na ya gari, kwa wengine ina miezi yake.

Sevisi zifanywe kwa wakati, na oili inayotajwa kwenye kitabu. Kwa vumbi na foleni zetu mawakala wengi hutaka kila kilomita 5,000. Springi zilizoongezwa, magurudumu mapana kuliko ya kiwandani na taa za ziada zilizounganishwa kwa kukata nyaya huwa kisingizio kilicho tayari, hata pale ambapo hazihusiani na kilichoharibika. Panya wakitafuna waya, hilo ni la bima.

Dai likikataliwa, kukataliwa kuwe kwa maandishi na kutaje kifungu cha kitabu. Nyuma ya waranti kuna sheria: Kenya ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo chini yake mlaji anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani. Mengi huisha kabla ya kufika huko, kwa barua yenye tarehe, kilomita na nakala za kadi, iliyotumwa kwa wakala na kwa ofisi ya mtengenezaji ya kanda siku moja.

Miezi miwili kabla ya muda kuisha, au ukiwa umebakiza kilomita 5,000, peleka gari kwa fundi unayemwamini likainuliwe akalitazame bila kufungua hata nati moja. Aangalie vibuti vyote, unyevu kwenye shokapu, jasho la oili pale injini inapoungana na giaboksi, alama nyeupe au za rangi kuzunguka pampu ya maji, maunti za injini, mipasuko ya bushi. Orodha hiyo ipeleke kwa wakala kabla ya tarehe ya mwisho na iingizwe kwenye kadi siku hiyohiyo, hata kama spea hazipo na utaambiwa urudi mwezi ujao. Kinachohesabika ni tarehe ya kadi.